Alitafuta jina lake makaburini Taveta

Kitindamimba wangu ana miaka tisa na jina la mzee wa miaka themanini. Ni jina la Kigiriama, la babu yake mzaa baba, na kwao ndivyo desturi ilivyo: mjukuu hubeba jina la babu, na babu naye alibeba la babu yake. Wawili hao huitana wajina. Hilo jina silichapishi hapa kwa sababu mwenyewe keshaanza kusoma gazeti, na amenionya.

Shuleni walimcheka. Wenzake wengi wana majina ya televisheni, na yeye akiitwa darasani mtu husikia harufu ya kizimba cha mbuzi. Hayo ni maneno yao, si yangu. Siku moja mwezi wa tisa akarudi nyumbani, akatupa mkoba kwenye kochi na kutangaza kwamba kuanzia leo aitwe jina la ubatizo pekee.

Mzazi mwenzangu, nilikuwa nakaanga samaki. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine simu. Nikamjibu kwa jambo la kwanza lililonijia: "Hilo jina ni la shujaa. Babu yake babu yako alikwenda Vita Vikuu vya Kwanza, akafia huko. Kaburi lake liko Taveta, kwenye makaburi ya wanajeshi, na jina limeandikwa kwenye jiwe. Jina lako."

Sehemu ya kwanza ni kweli. Alikwenda na hakurudi. Kaburi na jiwe niliviongeza mimi, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba Taveta kuna makaburi ya vita hivyo, na kwa sababu samaki walikuwa wanaungua.

Mtoto akaamini. Kesho yake akawaambia darasa zima. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba Siku ya Mashujaa inakaribia, basi alete picha ya kaburi hilo aliweke ubaoni awasomee wenzake. Baba yake alipoingia jioni alikuta mtoto keshapanga safari, na keshampigia simu wajina wake kule Kaloleni.

Nilitarajia baba mkwe aseme hapana. Badala yake alikata simu, kisha akampigia mwanawe kuuliza swali moja tu: tunaondoka saa ngapi.

Tukaondoka Ijumaa. Tulimchukua Mariakani, kando ya barabara kuu, amevaa koti la kanisani na kofia, mkononi mkoba mdogo wa plastiki. Akaketi mbele. Mimi na watoto nyuma. Nilikuwa na wasiwasi tangu Mombasa, na kila kilomita ulizidi. Nilijipa moyo kwamba labda kweli liko jiwe. Nani ajuaye?

Kutoka Voi unaiacha barabara ya Nairobi, unapinda kushoto kuelekea Mwatate, na hadi Taveta ni kama kilomita 110 za lami. Sehemu kubwa inapita kwenye mbuga ya Tsavo Magharibi na ranchi zinazopakana nayo, kwa hiyo watoto hawatakuuliza "tumefika?" kwa muda mrefu. Tuliona ndovu wekundu kwa vumbi, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu aliiweka simu chini kwa hiari yake, jambo ambalo ningelilipia.

Kando ya barabara kuna reli ya zamani. Hapo ndipo baba mkwe alipoanza kusema.

"Reli hii ni ya vita," alimwambia wajina wake. "Waingereza waliijenga kutoka Voi wapeleke askari mpakani."

Ni kweli. Vita vilipoanza mwaka 1914, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na Kenya chini ya Waingereza. Mwezi wa nane mwaka huo Wajerumani wakavuka mpaka, wakaiteka Taveta, wakaikalia. Waingereza wakaanza kusogeza reli kutoka Voi, kituo kwa kituo, kupita Maktau na Mbuyuni, kwenye nchi kavu isiyo na maji. Majina hayo ambayo leo sisi tunayasoma kwenye vibao vya barabara yote yalikuwa kambi au uwanja wa mapigano.

Mwanangu akauliza kama babu yule alipita na treni. Baba mkwe akasema hajui. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Yeye hakuwa askari, wajina. Alikuwa Kariakoo."

Nilijikaza kutazama ndovu.

Mtoto wa Mombasa akisikia Kariakoo hufikiria soko la Dar es Salaam. Lakini neno lenyewe ni Kiingereza kilichotafunwa na midomo yetu, jina la kikosi cha wapagazi. Kule Dar walipiga kambi mahali ambapo sasa ni soko, na Nairobi pia mtaa wa Kariokor umebeba jina hilohilo. Vita vile vilipiganwa mahali pasipo na barabara. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, hivyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani na mtu, mzigo wa kilo kama 25, siku baada ya siku. Mwanzoni baadhi walikwenda kwa mshahara. Kuanzia 1915 sheria iliruhusu watu wachukuliwe kwa lazima, na mwaka 1917 vijiji vilikombwa.

Kwa Wagiriama lilikuwa na uchungu wa ziada. Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha watu wasitoe vijana wao kwa kazi za serikali, na uasi ulipozimwa mwaka 1914, masharti ya amani yalikuwa faini pamoja na vijana wa kufanya kazi. Baba mkwe aliyaeleza haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Babu yake alichukuliwa mwaka ule wa kukombwa. Aliacha mke na mtoto wa kiume anayetambaa. Mtoto huyo ndiye baba yake baba mkwe wangu.

"Alikufa kwa risasi?" mwanangu akauliza, kwa matumaini.

"Tuliambiwa tumbo."

Wengi wao walikufa hivyo. Kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi usioiva kwa kukosa muda na kuni. Hesabu ya Waingereza wenyewe ya wapagazi waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wanaamini waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Sikuwa nimewahi kuisikia hesabu hiyo nikiwa shuleni. Nilisikia ya Uropa.

Kabla ya kufika Taveta kuna kilima kidogo kimesimama peke yake kwenye tambarare. Hicho ni Salaita. Wenyeji watakuambia kwamba jina limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja, kwa sababu ya walioanguka hapo. Ni hadithi nzuri ila nina shaka nayo, maana kilima kiliitwa Salaita hata kabla ya pigano. Tarehe 12 Februari 1916 askari Wazungu kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, walitumwa wakiteke. Walikuwa wameambiwa kwamba upande wa pili ni askari weusi tu wa Mjerumani, kazi rahisi. Walirudishwa nyuma kwa aibu kubwa.

Waliowaokoa walikuwa askari wa kikosi cha Wabaluchi kutoka jeshi la India, ambao hao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliirudisha bunduki kubwa iliyoachwa uwanjani na wenzao waliokimbia, wakaambatanisha na kijikaratasi cha adabu kuomba wasiitwe makuli tena. Watoto wangu waliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Mwanangu aliitaka irudiwe mara mbili, na nilijua anamfikiria nani wa darasani kwake.

Ukiwa na watoto wenye nguvu unaweza kukipanda kilima, mahandaki ya mawe bado yanaonekana. Nenda asubuhi na maji ya kutosha, na umtafute mwenyeji wa kuwaongoza, kwa sababu ni nchi ya wanyama. Sisi hatukupanda. Mwanangu hakuwa na haja ya kilima.

Taveta tulilala. Jumamosi ni siku ya soko, mji unajaa ndizi na watu kutoka pande zote mbili za mpaka, na asubuhi kama mawingu yakikubali Kilimanjaro iko pale juu ya mabati. Kifungua kinywa hakikupita vizuri. Mtoto alikuwa amekuja na penseli, karatasi nyeupe na simu ya dada yake ya kupigia picha. Baba mkwe alikunywa chai tupu.

Makaburi yenyewe hayako mbali na mji. Usitarajie bustani ya michezo, hakuna bembea wala mtu anayeuza soda. Ni mahali padogo, nadhifu, panapotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nyasi fupi, mawe kwa mistari. Kila jiwe na jina, cheo, kikosi, tarehe. Unahisi haja ya kushusha sauti hata kama hakuna aliyekuambia. Binti yangu, bila kuagizwa, alianza kupiga hesabu za umri pale umri ulipoandikwa, na akaja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba wengine walimzidi kidogo tu binamu yake aliye chuo kikuu.

Hilo nalo ni la kweli, na sitaki mtu anisome vibaya. Vijana waliolala pale nao wana mama zao. Tarehe zinazorudiwarudiwa ni za Februari na Machi 1916, yaani Salaita na milima ya Latema na Reata, siku chache ambazo zilimeza watu wengi.

Mwanangu alianza mstari wa kwanza, jiwe la kwanza. Alisoma kila jina kwa kidole. Mstari wa pili. Wa tatu. Jua lilipanda, nikamwita anywe maji, akasema bado. Baba yake alinitazama. Yeye alijua nilichofanya, na hakuwa amenisaidia kwa neno hata moja tangu mwanzo, na kwa kweli hakuwa na deni la kunisaidia.

Alipomaliza mstari wa mwisho alirudi akaanza tena upya. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na mdomo. Lakini nilibaki nimesimama na chupa ya maji kama sanamu, na baba mkwe ndiye aliyemwita.

"Wajina. Njoo."

Akaenda.

"Hayupo hapa."

"Babu, sijamaliza."

"Hayupo. Hawa waliandikwa. Yule hakuandikwa na mtu."

Mtoto akageuka kunitazama. Hakulia. Alisema tu, "Mama, ulisema liko." Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma: "Niliwaambia watu wote."

Nilipiga magoti kwenye nyasi zile, nikamwambia kwamba sikujua, na kwamba niliyasema kama ninajua. Nikamwambia nilitaka alipende jina lake na nikatafuta njia ya mkato. Nikamgeukia baba mkwe pia, kwa sababu maiti niliyemzika kwa maneno jikoni alikuwa wake. Nikamwomba radhi. Mkamwana kuomba radhi kwa baba mkwe mbele ya watoto si jambo dogo kwetu. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Nilijua tangu simu ya kwanza. Nilitaka nipaone."

Ana miaka themanini na hakuwa amewahi kufika.

Tuliketi kivulini nje ya lango, na maswali yakaja, na haya yalikuwa magumu kuliko ya mwanzo. Kwa nini hawa wana mawe na yule hana? Walisahau?

Hawakusahau. Hapa, mzazi mwenzangu, ndipo nilipoamua kutosema uongo mwingine hata wa huruma. Baada ya vita tume ile iliahidi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawa, bila kujali cheo wala dini. Lakini kwa Afrika Mashariki wakubwa wa wakati ule waliamua vingine. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa msitu. Baadhi yao waliandika kwamba Mwafrika hangelielewa jiwe la kaburi hata angewekewa. Mwaka 2021 tume yenyewe ilichapisha ripoti kuhusu jambo hili na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nilimweleza mtoto kwa maneno mepesi kuliko haya. Walifikiri sisi hatujali. Akauliza, "Nani aliwaambia?" Sikuwa na jibu.

Baba mkwe alicheka, cheko kavu. "Eti hatuelewi ukumbusho," alisema. Kisha akamweleza mjukuu wake kuhusu koma.

Wasomaji wa bara huenda hamjui. Wamijikenda tangu zamani humchongea marehemu mti na kuusimamisha. Kwa mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu huchongwa kigango, mti mrefu wenye nakshi na kichwa, na hivyo ndivyo vilivyoibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, hadi baadhi ya makumbusho ya Marekani yakaanza kuvirudisha. Kwa mtu wa kawaida huwekwa koma, kijiti kifupi. Na si lazima kisimame juu ya kaburi. Kinasimama nyumbani, walipo watu wake.

"Baba yangu alipokuwa mtu mzima alimwekea baba yake," baba mkwe alisema. "Hakuwa na mwili, hakuwa na kaburi, hakuwa hata na sura yake kichwani. Alikata mti akausimamisha nyuma ya nyumba."

Mume wangu akashtuka. Nyumbani kwao amekulia, na hakuwa amewahi kuambiwa. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, na mambo ya koma aliyafunga kwenye sanduku zamani. "Mchwa waliula," alisema. "Sikuweka mwingine."

Hapo palikuwa na kimya kirefu. Lori la ndizi likapita.

Nilikumbuka ile sanamu ya askari pale Mwembe Tayari, ambayo tunaipita kwa matatu kila wiki na sijawahi kumwonyesha mtoto. Nairobi nako iko nyingine, watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiswahili pia, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ila majina yenyewe hayakuandikwa hata moja. Kazi waliachiwa wana, na wana wameifanya kwa njia pekee waliyokuwa nayo, yaani kuyabandika kwa watoto na kuwapeleka shule wakachekwe.

Nikamwambia mwanangu pia kwamba kuna sehemu mambo yameanza kurekebishwa. Novemba 2023 Mfalme Charles alipokuja Kenya alikwenda makaburi ya Kariokor, Nairobi. Na Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 waliotumika kama vibarua na wapagazi, wakafia katika vita hivi hivi barani Afrika bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja amewekewa nguzo yake yenye jina. Nguzo ya mti, si ya jiwe. Mti wenyewe ni mvule.

"Kama koma," mtoto alisema.

Babu yake alimtazama kwa muda. "Kama koma," alikubali.

Kenya nako tume inatafuta majina ya wapagazi kwenye makaratasi ya zamani. Kwa hiyo ukiwa na mzee nyumbani, muulize sasa, usingoje matanga. Muulize jina kamili la aliyechukuliwa, ukoo, kijiji, chifu wa wakati huo, mwaka, na aliondoka na nani. Andika hata kama ni nusu. Usiahidi watoto kwamba litapatikana jiwe. Nimejifunza.

Na ukiwapeleka Taveta, au makaburi ya namna hii mahali pengine, Voi yako, Nairobi yako, Moshi yako, Dar yako, waambie kabla ya kuingia wataona nini na hawataona nini. Mimi ningefanya hivyo kwenye gari tukiwa Maktau, pale baba mkwe aliponipa nafasi kwa kutaja Kariakoo. Hakuipeleka kauli ile kwa mjukuu peke yake. Aliniachia mlango wazi, nikajifanya natazama ndovu.

Kuhusu picha ya ubaoni. Njiani kurudi tuliishughulikia kama familia. Binti yangu alisema tupige picha ya jiwe lolote kwa mbali, hakuna atakayejua, na nilifurahi kwamba kaka yake ndiye aliyekataa kabla sijafungua mdomo. Aliamua kupeleka picha ya wajina wake, amesimama nje ya lango na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Chini akaandika kwa penseli jina lake mwenyewe, moja, na miaka mitatu: 1917, mwaka aliozaliwa babu, mwaka aliozaliwa yeye. Mwalimu alimuuliza mbona jina moja kwa watu watatu. Anasema alichukua kipindi kizima kueleza, hata hesabu haikufundishwa. Kama bado wanamcheka sijui. Hajanitajia, na jina la ubatizo halijadaiwa tena, ingawa kwa mtoto wa miaka tisa hilo laweza kubadilika Jumatatu.

Mkoba wa plastiki wa baba mkwe nao ulikuwa na kitu. Tulipomshusha Mariakani aliutoa daftari la shule, jalada limefifia. Alikuwa ameanza kuandika ukoo wao, na kwenye ukurasa wa yule aliyekwenda Kariakoo palikuwa na jina, kijiji, mwaka, na jina la mkewe. Nafasi ya mama yake ilikuwa tupu. Alisema anayeweza kulijua amebaki mmoja tu, shangazi yake wa Bamba, na masikio yake hayasikii simu.

Tumekubaliana kwenda likizo ya Desemba. Mwanangu ameshaniuliza kama Bamba kuna jiwe. Nimemwambia hakuna, kuna bibi mzee sana na swali moja, na huenda hata yeye amesahau.